Haya mwanangu, kuku

Tangu Jumapili nina neno moja tu kichwani. Kuku.

Nilienda kwa mama mdogo, si mnamjua, yule wa bondeni aliyenilipia ada ya fomu faivu kwa mpunga wake. Nikamkuta anachambua mboga huku anahesabu, safari hii magunia mawili, enzi zile alikuwa anatoa tisa mpaka kumi. Mimi na kiherehere changu cha mjini, "Mama mdogo, si uachane tu na hilo shamba ufuge hata kuku?"

Kimya. Akapuliza jiko. Halafu, "Haya mwanangu. Kuku."

Basi, akahamia stori za harusi. Mi hiyo haya nimeirudia kwenye bajaji, ofisini, mpaka bafuni. Ni haya ya kukubali au haya ya nyamaza wewe mtoto?

Kinachoniuma ni kwamba shida yake naijua. Mpunga ukitoa mashuke unalala nao, unapanda dunguni unapiga debe usiku kucha la sivyo nguruwe na viboko wanakumalizia. Sasa tangu wale magaidi wavuke mto Ruvuma kutoka Msumbiji wakachoma nyumba pale kijijini Kitaya, Mtwara, Oktoba 2020, mwanamke gani atalala dunguni peke yake? Anashuka jua likishatoka, saa tisa mchana anapandisha, usiku shamba ni la viboko. Kuweka kijana alinde kunataka hela, na hela ilikuwa inatoka kwenye vitunguu alivyokuwa anavusha ng'ambo, shoga yake anampokelea mzigo kule, ila tangu Palma, mji wa huko Msumbiji, ivamiwe Machi 2021 namba ya huyo shoga haipatikani. Bado anayo kwenye simu, hajaifuta. Na Ijumaa marejesho yanadaiwa palepale, kikoba hakijui kiboko. Hata ming'oko, ile mizizi ya porini ya kula, siku hizi wanaenda kuchimba kwa kundi, wakisikia pikipiki wasiyoijua wanarudi na majembe yao.

Mi nikamshauri kuku. Na anao! Saba, walikuwa wananipita miguuni wakati naongea.

Sasa juzi Jumatano, siku ileile niliyosaini mkataba mpya (ndio umeongezwa, ntawasimulia), konda wa basi la huko ananipigia njoo stendi kuna mzigo wako. Kiroba cha ming'oko, na pembeni jogoo mwekundu kafungwa miguu, kanikodolea macho kama namdai. Nikapiga simu hata shikamoo nimesahau. "Mama mdogo, hiki nini?"

"Si ulisema kuku?"

Alicheka mpaka akakohoa. Na mimi nikacheka pale stendi watu wananiangalia, machozi yananitoka na sijui hata ni ya kitu gani. Sijaweza kumchinja mpaka sasa, kafungwa kwenye mwembe wa mwenye nyumba.

Ila huyu dogo wa hapa nyumbani sikio linamsumbua tangu juzi, nilijua ni deko tu asiende shule. Leo asubuhi nimegeuza mto wake, una usaha.