2147483647, namba ninayoipenda kuliko zote

Jana nilikuwa mwaloni Kirumba, Mwanza, nasubiri dagaa wapimwe, mama muuzaji akaniona nimekazana na kikokotoo cha simu akauliza "mwanangu, hesabu gani hizo ndefu hivyo?" Nikamwambia mama, chukua dagaa mmoja, zidisha mara mbili, wawili wanakuwa wanne, endelea hivyo mara 31 halafu toa mmoja. Unapata 2147483647.

Jamani hii namba ni tasa! Haigawanyiki kwa chochote ila 1 na yenyewe. Nimejaribu 3, inabaki 1, nimejaribu 7, inabaki 1 tena. Kumaliza kazi kweli inabidi ujaribu vigawanyo mpaka 46340 hivi (kipeuo cha pili cha namba hiyo), na Euler, mwanahisabati wa Uswisi, alishaimaliza 1772 bila kompyuta, macho yenyewe hayaoni vizuri. Alichofanya, aligundua kigawanyo tasa chochote cha hii namba, ukikigawa kwa 248 lazima kibaki 1 au 63, basi namba nyingi sana zikatoka bila hata kuguswa. Hapo ndo huwa nasisimka kabisa, maana hakutumia nguvu, alitumia akili. Ikakaa zaidi ya nusu karne ndo namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana.

Na kompyuta nyingi za biti 32 (zinazotunza namba kwa nafasi 32 za 0 na 1) zinahesabu sekunde toka 1970 mpaka kwenye namba hiihii tu. Kwa saa zetu hesabu hiyo itafika mwisho 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi, saa ambazo wavuvi wa dagaa huwa wanarudi na taa zao.