Amerudi Misri?

Wapendwa, salamu kutoka Kisumu.

Sisi Waunitaria, tunaoamini Mungu ni mmoja bila Utatu, tunajivunia kwamba kwetu kuuliza swali lolote si dhambi. Mtu akisema haamini jehanamu, hakuna anayeguna. Akisema Utatu haumwingii akilini, wapo watakaompigia makofi. Wengi wetu tulitoka kwenye makanisa ambako kuhoji kulikuwa utovu wa adabu, kwa hiyo tunaujua utamu wa uhuru huu.

Lakini dada yetu anayeuza omena (dagaa) pale soko la Kibuye ametuweka njia panda. Alilelewa Msabato, akaacha, akajiunga nasi, akauliza maswali kuliko sisi sote. Sasa ameanza tena kuishika Sabato. Ijumaa jua likielekea kuzama, anafunika omena kwa turubai, anatia gorogoro, kopo lake la kupimia, kwenye gunia na kuondoka, hata kama wateja bado wanapanga bei. Kwetu bado anakuja. Alipotueleza wakati wa chai, mmoja wetu akatania, na utani wenyewe ulikuwa na mfupa ndani: "Huyu amerudi Misri," yaani utumwani alikotoka. Watu wakacheka. Yeye akamaliza mandazi yake.

Nimemkumbuka Ferenc Dávid, mzee wetu wa Transylvania, nchi ambayo leo iko Romania. Alikuwa padri Mkatoliki, akawa Mlutheri, akawa Mkalvini, halafu akalikana fundisho la Utatu. Mwaka 1568, katika mji wa Torda, baraza liliamua kwamba wahubiri waihubiri Injili kila mmoja kadiri anavyoielewa. Tukio hilo tunalisimulia kwa fahari. Yaliyofuata tunayaruka. Mfalme aliyewalinda alikufa 1571, na mwaka uliofuata ikatoka sheria ya kukataza mafundisho mapya. Dávid hakuacha kufikiri. Akafika mahali pa kusema Kristo asiombwe katika sala. Aliyemshtaki ni Giorgio Biandrata, tabibu wa mfalme, mwenzake wa tangu mwanzo, aliyekuwa bega kwa bega naye kuupinga Utatu. Dávid alifia gerezani Deva mwaka 1579.

Hapo ndipo penye mtihani. Anayehoji mafundisho ya kanisa alilotoka tunampokea kwa vigelegele. Akianza kuyahoji tuliyokwisha kukubaliana hapa kwetu, tunamwona amerudi nyuma. (Na hiyo "nyuma" nani aliipima?)

Petro naye alibadilika kwa shida. Kule Yafa alipoambiwa katika maono ale wanyama najisi, alijibu, "Hasha, Bwana." Baadaye akaingia nyumbani kwa Kornelio, mtu wa Mataifa, yaani asiye Myahudi. Halafu Wagalatia 2 inatuonyesha akijitenga na meza ya watu wa Mataifa kwa kuwaogopa wenzake. Mimi hofu hiyo ndiyo inayonisumbua zaidi. Mtu anaweza kurudi alikotoka kwa sababu moyo umemtuma, na anaweza kubaki nasi kwa sababu anaogopa kuchekwa. Ukimtazama kwa nje, huwezi kujua ni lipi.

Sisemi dada yetu asiulizwe. Aulizwe, tena kwa kina. Mimi nilimuuliza Sabato inampa nini ambacho sisi hatukumpa. Akanijibu, "Ni siku pekee ambayo sidai mtu wala sidaiwi." Sikuwa na la kuongeza, na bado nalifikiria jibu hilo ninapopanga ibada zetu zilizojaa mijadala.

Jumapili hii tutasoma Matendo 10 pamoja na Wagalatia 2:11–14. Dada huyo amekubali kuongoza maswali. Tutaanza alasiri, kwa sababu Jumapili soko la Kibuye hufurika na hawezi kufunga mapema. Aliyefanya utani ule ameombwa alete chai.