Siku yangu moja kwenye chumba cha eko, Dar es Salaam

Saa 11 alfajiri. Natoka Kimara kabla foleni haijakaza.

Saa 1:30. Chumba cha eko, kipimo cha kuuona moyo kwa mawimbi ya sauti, kina giza. Naweka chupa za jeli kwenye beseni la maji ya moto, maana jeli ya baridi kifuani humshtua mgonjwa.

Saa 2 hadi saa 4. Presha, presha, kisukari, presha. Kuta za moyo zimenenepa kwa kusukuma damu dhidi ya mgandamizo miaka nenda rudi.

Saa 4:15. "Shikamoo dokta." Binti wa miaka 19, mimba ya miezi sita, kaja na mama yake. Anahema kwa kutembea korido tu. Huko alikotoka alikuwa anatibiwa pumu. Namlaza ubavu wa kushoto, mkono chini ya kichwa. Mlango wa mitrali, ulio kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, ukajitokeza kwenye skrini: umekakamaa, tundu lake kama mdomo wa samaki. Kwa kawaida huwa na sentimita za mraba 4 hadi 6. Lake limebaki 1.1.

Namuuliza mama kuhusu utoto wa binti. "Alisumbuliwa sana na mafindofindo, dokta. Nilikuwa namsukutuisha maji ya chumvi." Nimemshika mkono. Hakuna aliyemwambia kwamba koo lenye bakteria lisipotibiwa kwa penisilini linaweza kuja kuharibu moyo. Hilo linaniuma kila wiki.

Saa 7. Daktari ninayemfundisha anauliza safari hii ni ndefu kiasi gani. Namhesabia: shahada miaka 5, mazoezi ya kazi mwaka 1, magonjwa ya ndani 3, moyo 2. Ila mkono una shule yake. Mwanzoni nilikuwa naweka kifaa cha kupimia juu kidogo ya mahali pake, ncha ya moyo inakatwa, na moyo dhaifu unaonekana mfupi, wenye nguvu. Ripoti safi, mgonjwa anazidiwa! Namshika kiganja, tunashuka ubavu mmoja. "Umeiona ncha?" Ameiona.

Saa 9. Kikao na wenzetu wa uzazi na wa dawa za usingizi. Binti aanze dawa ya kupunguza mapigo na ya kutoa maji. Asipopata nafuu, mlango utapanuliwa kwa puto kupitia mshipa wa pajani.

Saa 11 jioni. Napita wodini. Binti amelala nusu ameketi, mito mitatu mgongoni. Mama anauliza kwa sauti ya chini kama wadogo wawili wa binti nao wapimwe.

Nimemwambia awalete Jumatatu.