Labda taa ilikuwa ndogo

Jumamosi iliyopita nilimaliza kuikarabati ile ndege ya mti ya baba. Nilidhani leo ningekuja hapa kujisifu, maana mlio nami tangu Ramadhani mnajua nilivyohangaika nayo. Badala yake nina wiki nzima naizungusha kichwani sentensi moja ya mama.

Ilikuwa hivi. Nimeiweka sebuleni, juu ya kile kitambaa chake cha kufuma, taa nimewasha zote. Mama kaizunguka, kashika bawa, kainama kutazama injini. "Imekuwa kama ya dukani," akasema. Nami kwa kiherehere changu nikadakia: "Na zile herufi za ubavuni nimeziondoa, mama. Zilikuwa zinapinda kama barabara ya Lushoto. Aliyeziandika sijui alikuwa anakimbilia wapi."

Mama akanyamaza. Kisha akasema, "Labda taa ilikuwa ndogo." Akaenda kuswali isha.

Ile "kama ya dukani" haikunisumbua. Kwa mama hiyo ni sifa, hata keki ya Yusra aliisifu hivyo hivyo. Lakini taa ndogo? Taa gani? Mtu wa miaka 79 anamteteaje fundi asiyemjua, wa Nairobi, wa miaka hiyo? Nimeisikia sentensi hiyo nikikaanga samaki, nimeisikia kwenye daladala. Jumanne bosi anatutangazia kwamba idara yetu inaunganishwa na manunuzi, mimi najiuliza alisema "ndogo" kwa sauti ya kawaida au aliivuta kidogo. Jumatano Zuhura kavishwa pete (hongera mwanangu, picha baadaye), na pale kwenye shughuli nilimtazama mama usoni mpaka akaniuliza kama kitambaa chake kimekaa vibaya.

Kazi yenyewe niliifanya vizuri, hilo siliondoi. Ni mfano wa mti wa Super VC10, ndege ya abiria ya Waingereza, sentimita 52 kutoka pua hadi mkia. Ndege yenyewe ilikuwa na mita 52 na kitu, kwa hiyo yule mwenzake baba aliyeichonga pale karakana ya ndege ya Embakasi, Nairobi, hakubahatisha. Ilipotoka kabatini ilikuwa na injini tatu, bawa moja limelegea, na kile kibawa cha juu ya mkia kimekatika (kesi ya Kaka Shabani na mpira wake, 1979, hukumu ilishatoka). Fundi samani wa mtaa wa nyuma aliigeuzageuza, akaniuliza injini za chini ya mabawa zimepotelea wapi. Nikamwambia hazikuwahi kuwapo. VC10 injini zake zote 4 ziko nyuma, mbili huku, mbili huku, mabawa yanabaki matupu. Hakuniamini mpaka nilipomwonyesha picha kwenye simu. Akanikerezea ya nne, nene kidogo kuliko wenzake. Ukishaambiwa huachi kuiona.

Msasa nilipiga mwenyewe, namba 120, halafu 240, halafu 400. Patii kwenye nyufa, msasa tena, kisha rangi nyeupe ya kupuliza mara tatu, niko uani na mtandio nimeziba pua. Herufi mpya za 5H-MMT, usajili wa ndege yenyewe, nilikatiwa stika na wale wanaoandika vibao vya maduka, nyeusi, zimenyooka kama rula. Za zamani zilikuwa nyekundu iliyoiva mpaka ikakaribia kahawia, tena zimetuna, ukipitisha kidole unazisikia. Nilizikwangua jioni nzima. Unga wake mwekundu ulikaa ndani ya kucha zangu siku mbili.

Alhamisi nikamtumia Kaka Shabani picha za kabla na baada. Akarudisha sauti ya dakika nne, kuku wanalia nyuma yake. "We Mwanaidi, kazi umeifanya, sikatai. Lakini zile herufi za mama umezipeleka wapi?"

Za mama. Kasema hivyo tu, kama jambo linalojulikana na kila mtu. Mimi 1977 nilikuwa na miaka mitatu, yeye tisa. Jumuiya ya Afrika Mashariki imevunjika, East African Airways, shirika la ndege alikokuwa baba, limekufa, mpaka umefungwa, baba karudi Tanga na sanduku la spana na ndege ya mti aliyopewa siku za mwisho mwisho, haina hata maandishi. (Mafao tusiyafungue leo.) Shabani anasema baba alikuwa anakaa barazani kutwa, haongei. Anaulizwa chakula, hajibu. Usiku mmoja mama akatoa chupa ya rangi ya kucha aliyokuja nayo kutoka Nairobi, akasogeza kandili, akaandika 5H-MMT ubavu huu na ubavu ule, Shabani kashika mkia isitikisike. Usajili wa ndege za Kenya ulianza na 5Y, Uganda 5X, 5H ndiyo sisi. Asubuhi baba akaiokota mezani, akaitazama wee. "M ya pili ina mguu mfupi," akasema. Shabani anasema ndiyo mara ya kwanza alimsikia wiki ile.

Nikamwandikia: mama alimjibu nini?

"Nitakumbuka vipi, nilikuwa na miaka tisa!"

Nikakaa na simu mkononi mpaka kioo kikazima.

Ijumaa usiku usingizi ukakataa, nikaanza kuitafuta hiyo 5H-MMT mtandaoni. Asubuhi nikamkuta mama jikoni anachambua mchele.

"Mama, unajua ile ndege yenyewe iliishia wapi?"

"Si Waingereza walizichukua."

"Jeshi lao la anga. Waliigeuza tanki la mafuta, inazinywesha ndege nyingine huko huko angani. Imeruka mpaka Septemba 2013. Ndiyo VC10 ya mwisho kabisa kuruka."

Mkono ukasimama juu ya ungo. "Baba yako anazikwa, yenyewe bado iko hewani?"

"Bado."

"Na zile herufi?"

"Walizifuta. Wakaandika ZA147."

Akaokota kijiwe, akakitazama, akakitupa dirishani. "Kwa mwandiko mzuri?"

Nilicheka mpaka nikashika mlango. Naye akacheka, ile ya mabega tu isiyotoa sauti, na mchele ukamwagika mapajani. Tukauokota. Hakusema kingine, nami sikusema. Msamaha nilioupanga usiku kucha sikuuomba. Nilihisi nikiuomba pale nitauharibu ule mchele mara ya pili.

Jana nimenunua rangi ya kucha, nyekundu, ipo kwenye pochi. Mikono ya mama siku hizi inatetemeka, na nikiandika mimi nitakuwa naghushi. Stika sijazibandua. Ndege iko pale pale juu ya kitambaa, ila naona kuna mtu kaigeuza, ile injini nene imeelekea ukutani.

Halafu hili la maji. Usiku nimefunga bomba zote, hata lile la uani, na mita bado inazunguka. Taratibu, lakini inazunguka. Bili ya mwezi uliopita nilimlaumu Yusra na kuoga kwake. Nimetoka na tochi mara mbili kuichungulia, na sasa hivi natoka tena.