Puti Haina Sauti

Nilipomrushia baba video ya gari nililonunua, Morris Minor, hakuuliza bei wala mwaka. Aliuliza, "Umeigonga?"

Sikuwa nimeigonga. Nilikuwa nimeitazama tu, nje kidogo ya mji wa Coventry, huku Uingereza, mvua ikinyesha, rangi yake ya kijivu iking'aa kama imetoka kiwandani jana. Ni ya mwaka 1965, milango minne, injini ya cc 1098. Mwenyewe alinihakikishia kwamba gereji moja ya jirani ilikuwa imeitengeneza bodi yote upya. Nikalipa, nikaipandisha kwenye trela.

Baba alikuwa fundi wa bodi Mombasa kwa miaka 34. Gari likiletwa, kabla ya kutaja bei alilizunguka polepole akiligonga kwa kifundo cha kidole cha kati, kuanzia madigadi ya mbele hadi buti. Bati likiwa bati hulia. Puti, ule udongo laini wa kuziba mashimo ya bodi unaokauka ukawa mgumu, hailii, ukiigonga ni kama umegonga mkate. Nikiwa mtoto nilimfuata nyuma nami nikigonga, na mara nyingine alisimama akaniuliza, "Hapo umesikia nini?" Nilikuwa nikijibu kwa kubahatisha.

Basi usiku uleule nikarudi kwenye kibanda ninachokodi kwa ajili ya gari, nikaanza kugonga. Boneti ililia. Milango ililia. Nikapiga magoti, nikagonga chini ya milango ya kushoto. Kimya, kutoka mwanzo hadi mwisho.

Kwa gari hili, hapo si mahali pa mchezo. Morris Minor haina chesisi ya kukaa peke yake kama lori. Bodi ndiyo mifupa. Madigadi yote manne yamefungwa kwa bolti, yakioza unafungua unaweka mengine, lakini lile boksi refu la bati lililo chini ya milango ndilo linalozuia gari lisivunjike mgongo. Katikati, chini ya viti vya mbele, umepita mhimili unaokatiza kutoka upande hadi upande, nao ndio unaoshika ncha za nyuma za fito za chuma zinazofanya kazi ya springi za mbele. Boksi likioza, kutu huhamia kwenye ncha za mhimili huo. Hapo hata ukiweka jeki, jeki inaingia ndani badala ya kuinua gari.

Nikawasha grainda yenye kisahani cha msasa. Rangi ikatoka, ikaja praima, ikaja puti nene kama kidole gumba. Nyuma ya puti, wavu wa kuku. Nyuma ya wavu, gazeti lililokunjwa na kushindiliwa, limelowa chapachapa. Nililitoa kwa mikono likakatika vipande kama muhogo uliochemshwa ukapitiliza. Chuma chenyewe hakikuwepo. Nilikaa chini na hasira ambayo sikuwa nimeijua siku nyingi, kwa sababu mtu aliyefanya kazi ile alikuwa na wakati. Aliisugua ikawa laini. Mkono uliojua kusugua namna ile ungeweza kabisa kukata na kuchomelea.

Nilimpigia baba. Akashangaa gari kuoza vile mahali pasipo bahari. Kwetu Mombasa tunajua chumvi huja na upepo. Nikamweleza kwamba huku wakati wa baridi magari maalumu hupita yakimwaga chumvi barabarani ili barafu isishike, na magurudumu huirusha yote chini ya gari. Akanyamaza. "Wanaimwaga wenyewe?" Kisha akasema, "Kata mpaka uone chuma kizima. Usikate mpaka unapochoka."

Hapa Uingereza, tangu Mei 2018, gari lililopita miaka 40 ambalo halijabadilishwa sana halilazimiki kupelekwa ukaguzi wa kila mwaka. Maana yake ningeweza kuziba tena na asijue mtu. Lakini binti yangu ndiye atakayeketi kiti cha nyuma.

Baba hakuniruhusu nikate siku ile. Kwanza fremu ya mabomba ya mraba, ichomelewe ndani ya nafasi za milango, toka nguzo hadi nguzo, kisha vipimo vya kona kwa kona viandikwe ukutani kwa chaki. "Ukikata bila kufunga, gari litakaa chini kama mzee, na milango haitafunga tena maisha." Gari likawekwa juu ya stendi nne, milango ikiwa imening'inizwa, kwa sababu mlango ndio kipimo cha kweli: bati jipya hushikizwa kwa nukta chache tu, mlango unafungwa, unatazama nafasi pande zote, ndipo unaendelea.

Boksi la ndani na ncha ya mhimili nimetumia bati la geji 18. Mashine yangu ni ya waya na gesi, na mwanzoni niliiachia moto mfululizo, bati likajikunja kama chapati. Baba, aliyechomelea maisha yake yote kwa mitungi ya oksijeni na asetilini, alitazama kwenye simu akasema, "Wakimbilia wapi? Nukta moja hapa, nyingine kule mbali. Ngoja ipoe. Rudi." Wiki tatu za Jumamosi na Jumapili kwa upande mmoja. Maungio yote yamejaa, yamesagwa, yamepakwa praima ya zinki. Nta ya ndani itafuata rangi ikishakauka.

Siku ya kurudisha boneti nilimsimulia jambo alilokuwa halijui, na hilo kwangu ni nadra. Ule mstari mpana uliopita katikati ya boneti, ambao aliunyoosha mara nyingi asijue unatoka wapi, ulitokana na Alec Issigonis, aliyelibuni gari hili. Mwaka 1947 aliliona gari la majaribio ni jembamba mno, akaagiza likatwe mapande mawili kwa urefu, akayatenganisha mpaka jicho lake likaridhika. Inchi 4.

Baba alirudia, "Inchi nne." Akacheka kwa furaha. "Kumbe na yeye aliikata."

Jumapili iliyopita akaniambia niiweke simu sakafuni, karibu na gari, nigonge upande wa kushoto. Nikagonga taratibu kutoka mbele kwenda nyuma. Ulilia wote.

"Na wa kulia?"

Upande huo nilikuwa nimeamua ni mzima. Nilikuwa hata nimenunua rangi. Nikahamisha simu, nikagonga. Ukalia, ukalia, ukafika chini ya mlango wa nyuma.

"Rudia hapo," akasema.

Nikarudia.

"Umesikia nini?"

Safari hii sikubahatisha. Nikachukua chaki, nikapapiga duara.