Karakana ya mafundi iokolewe kuanzia darini

Karakana kongwe ya mawe ikianza kunyemelewa, iwe na mnunuzi au na ufa, mitaa yetu ya Lamu hukimbilia kukusanya saini. Zikusanywe. Lakini masika yakikaribia na dari inavuja, karatasi hizo hazitazuia hata ndoo moja ya maji, na ikifika Juni mwenye nyumba atakuwa na hoja ambayo Machi hakuwa nayo: jengo ni hatari, libomolewe. Kampeni inayojua kazi yake huanzia juu ya nyumba, kisha ndipo ishuke kwenda ofisini.

Tuanze na jinsi jengo lenyewe lilivyosimama. Kuta ni matumbawe na chokaa, unene wake kama nusu mita. Juu hulazwa boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haivuki mbali, chumba huwa na upana wa mita 2.5 hadi 3 tu. Ndiyo maana misana yetu, yaani kumbi za ndani, ni mirefu na myembamba. Juu ya boriti hupangwa mawe bapa, halafu kokoto na chokaa hushindiliwa mpaka iwe sakafu. Kinachoiua dari ya namna hii mara nyingi ni uzito. Kila ilipovuja, mtu alimwaga tabaka jipya juu ya la zamani. Tabaka la sentimita 5 lina kilo 85 hivi kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 2.5 kwa 8 ni mita za mraba 20, basi tabaka moja limeongeza kama kilo 1,700. Likirudiwa mara nne katika umri wa nyumba, boriti zinabeba karibu tani 7 ambazo fundi wa kwanza hakuzipigia hesabu.

Maji nayo hufanya kazi yao mahali pasipoonekana. Boriti huoza kichwani, pale ilipoingia ukutani, huku katikati ikionekana nzima na rangi yake nyekundu na nyeusi bado imekaa. Kwa hiyo usiipime kwa macho. Chukua bisibisi nyembamba, ichomeke kwenye boriti pale inapokutana na ukuta. Ikizama zaidi ya sentimita 2 bila kusukumwa kwa nguvu, kichwa hicho kimekwisha. Gonga pia kwa nyundo ndogo ukitoka ukutani kuelekea katikati. Palipooza hutoa sauti ya debe tupu. Kila boriti ipewe namba kwa chaki, na hali yake iandikwe daftarini. Daftari hilo litakuja kuwa hati muhimu kuliko barua yoyote, kwa sababu litasema ni boriti ngapi za kubadilishwa, wala si "jengo limechakaa".

Kabla mtu yeyote hajapanda juu na sururu, miega, yaani nguzo za kuitegemeza dari, iwekwe. Mwega mmoja kila mita 1, ubao chini na ubao juu, ukazwe kwa kabari bila kuinua dari. Ukiiinua utapasua sakafu ya juu. Kama nyumba ni ya ghorofa, miega ya juu lazima ifuatwe na miega ya chini mstari mmoja hadi kwenye ardhi, la sivyo umehamisha mzigo kutoka boriti mbovu kwenda boriti nyingine mbovu. Hapo ndipo tabaka za juu zitolewe, polepole, kwa karai, na kifusi kishushwe siku hiyo hiyo. Kifusi kinachorundikwa pembeni mwa dari "mpaka kesho" kimewahi kuteremsha dari iliyokuwa inaokolewa.

Boriti hubadilishwa moja, ukaruka moja. Kwa nafasi ya sentimita 30 kati ya boriti na boriti, chumba cha mita 8 kinataka 27, yaani korja moja (boriti 20) na saba. Agizeni korja mbili: nyingine zitafika zimepinda, nyingine zina ganda lenye wadudu. Unene unaotakiwa ni ule wa boriti hasa, sentimita 11.5 hadi 13.5, mazio, miti ya daraja la chini yake, ni nyembamba mno kwa dari ya mawe hata kama muuzaji ataapa. Gandueni zote, zikaushwe kivulini, na vichwa viingie ukutani sentimita 20. Msizibe kichwa kwa saruji. Kiachiwe pumzi kidogo pembeni, kizibwe kwa vipande vya mawe na chokaa.

Mikoko ina sheria yake. Lamu inamiliki zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, lakini usafirishaji wa boriti nje ya nchi ulipigwa marufuku tangu 1982, na Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji kwa muda, kwa namna iliyowaumiza sana wakataji wa kwetu. Ununuzi upitie kwa mkataji mwenye kibali cha Huduma ya Misitu, na risiti iwekwe faili. Kampeni ya turathi ikikamatwa na boriti za magendo imejizika yenyewe.

Sasa chokaa, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nia njema inapoharibu zaidi. Mfadhili akija na mifuko ya saruji, mshukuruni na mwombeni abadilishe. Tumbawe lina vinyweleo. Hunyonya unyevu na chumvi kutoka ardhini na kuutoa kwa hewa. Chokaa inaruhusu hilo. Saruji inaziba. Chumvi hukwama nyuma ya lipu, hugeuka fuwele, hufura, na baada ya misimu kadhaa saruji hubanduka kama ubao mzima, ikiondoka na uso wa jiwe. Tazameni ukuta wowote uliopigwa lipu ya saruji kwenye mitaa ya karibu na Usita wa Mui, njia kuu ya Mji wa Kale: chini, hadi usawa wa kiuno, imetengana na ukigonga inalia. Kuitoa kunataka subira. Patasi ndogo, kuanzia ukingoni kuliko na mwanya, na palipong'ang'ania paachwe mpaka palegee penyewe. Kisha ukuta uachwe uchi ukauke kaskazi nzima. Ukuta wa nusu mita hauwezi kukauka kwa wiki mbili, na lipu mpya juu ya ukuta mbichi ni pesa iliyotupwa.

Chokaa ya tanuri ikishazimwa kwa maji, ilazwe shimoni chini ya maji, ifunikwe kwa magunia. Mwezi mmoja ni wa chini kabisa. Ya kumalizia ikilala miezi 3 inakuwa laini kama samli na haipasuki. Anayezima avae miwani na glavu, kwa sababu chokaa mbichi huchemka na tone moja linaweza kupofusha jicho. Mchanganyiko ni 1 ya chokaa kwa 3 za mchanga. Kwa ukuta wa mita za mraba 20, lipu ya milimita 20 kwa jumla, wekeni debe 22 za mchanga na debe 8 za chokaa, humo na ya kumwagika. Mchanga wa ufukweni usiooshwa unaingiza chumvi ile ile mliyokuwa mnaikimbia, basi uoshwe kwa maji ya kisima mpaka usiwe na ladha ya chumvi ulimini.

Ukuta urowanishwe jioni, na tena asubuhi kabla ya kuanza. Tabaka la kwanza milimita 10, la pili 7, la mwisho 3, na kila moja lisubiri la chini yake lishike. Halafu magunia mabichi yatandikwe juu kwa wiki nzima. Chokaa huwa ngumu kwa kuvuta hewa taratibu. Ikikaushwa haraka na upepo wa kaskazi inabaki unga, ukiipitisha kiganja unatoka mweupe. Mafundi husingiziwa kwa kosa hili, kumbe aliyetoa magunia siku ya pili ni mtu wa kamati aliyetaka kupiga picha.

Milango inahitaji ulinzi wa peke yake, maana ndiyo inayowavuta wanunuzi. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya 2006 imetaja jambo ambalo watu wengi hapa hawalijui: mlango au fremu ya mlango yenye nakshi za mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki iliyochongwa kabla ya 1946 ni kitu kinacholindwa, hata nyumba yenyewe iwe ya mtu binafsi. Kuitoa nje ya nchi kunataka kibali, na wa kuifanyia biashara awe na leseni. Kwa hiyo pigeni picha ya mfaa (nguzo ya katikati ya mlango), miimo na kizingiti kwa karibu, futi ya kupimia ikionekana ndani ya picha, na nakala ipelekwe ofisi ya Makumbusho mapema. Nakshi zilizosajiliwa hazina soko zuri. Ikibidi mlango ushushwe wakati wa kazi, kila kipande kipewe namba nyuma, kifungwe pamoja na misumari yake, na kisilale barazani hata usiku mmoja.

Ofisini, jueni mlango gani wa kugonga. Eneo la Mji wa Kale lililoingia orodha ya Turathi za Dunia mwaka 2001 ni hekta 16 tu, na kuna karakana nyingi zilizo nje ya mstari huo. Ikiwa ndani, lipu, dari na madirisha haviguswi kabla ya ofisi ya uhifadhi kuona michoro. Pelekeni daftari la boriti na ramani yenye vipimo, mtasikilizwa haraka. Katiba ya 2010 imeacha majengo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa mikononi mwa serikali kuu, na shughuli za utamaduni kwa kaunti. Kaunti ikiwaambia haihusiki na mawe, iombeni ihusike na mafunzo ya vijana ndani ya jengo. Tarehe zina maana hapa: makadirio ya bajeti ya kaunti hufika bungeni kwake kabla ya 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Ombi linalokuja Mei limekuja kupiga hodi nyumba imefungwa.

Umiliki ndio utakaowachelewesha kuliko yote. Nyumba nyingi ni za mirathi, warithi wako Mombasa, Muscat na kwengineko, na kila mmoja ana sehemu yake. Nyingine ni wakfu, na hizo zina Tume ya Wakfu. Msitie hata karai moja ya chokaa kabla ya kuwa na maandishi ya warithi wote au hukumu ya Kadhi inayoonyesha nani ana haki ya kutia saini. Mrithi mmoja asiyeulizwa anatosha kuisimamisha kazi dari ikiwa wazi. Michango iingie akaunti ya benki ya kikundi kilichosajiliwa, yenye watia saini 3, na isipitie simu ya mtu hata akiwa mwaminifu namna gani.

Mkataba wa kutumia jengo uandikwe kabla ya miega kutolewa. Mafundi wapate miaka 5 au zaidi, kodi iwe ndogo, na sehemu yake itengwe kwa dari. Ndani ya mkataba yaandikwe haya: mbao za mbambakofi na msaji zihifadhiwe chini, zisipandishwe ghorofani, maranda na vumbi la msumeno visilundikwe karibu na ukuta kuliko sentimita 30, kwani hushika unyevu na kuita mchwa, ndoo za mchanga ziwe karibu na mashine, misumari ya kutundikia patasi na misumeno ipigwe kwenye ubao uliosimamishwa, si ukutani wala kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Na kila Machi, kabla ya mvua ya kwanza, atajwe mtu wa kupanda darini kusafisha mlizamu unaotoa maji ya mvua na kupaka chokaa laini kwenye nyufa nyembamba kama uzi. Kazi hiyo ni ya asubuhi moja na ndoo mbili za chokaa, na haina ruhusa ya kuongeza tabaka jipya.