Kituruki changu cha kununulia mzigo Laleli

Mimi nauza nguo za kike Kariakoo na mzigo naufuata mwenyewe Istanbul, pale Laleli, na kilichonifanya nijifunze Kituruki ni kuchoka kutegemea winga. Ndiyo, hata kule mawinga wapo, anakuzungusha madukani anakutafsiria, cha juu chake kinapachikwa kwenye bei yako na wewe unamshukuru. Kiingereza kipo, napiga vizuri tu, ila Laleli hakikufikishi mbali, wauzaji wengi wamezoea Kirusi na Kiarabu, Warusi na majirani zao wamekuwa wateja wakubwa pale tangu Sovieti ivunjike 1991, mpaka mabango ya maduka utakuta yana Kirusi.

Nilianza na namba, salamu nikaziweka pembeni kwanza. Salamu hata ukiipinda mtu atakuelewa, bei ukiisikia vibaya imekula kwako. Nikiwa kwenye daladala, foleni ya Mbagala hiyo haisogei, nasoma pleti namba za magari yaliyo mbele, 458 nasema kimoyomoyo dört yüz elli sekiz, 120 yüz yirmi (mia moja ni yüz peke yake, huweki moja), mpaka zikawa zinakuja zenyewe. Na ushike neno buçuk, yani nusu. Kwa mzigo wa jumla pale bei nyingi wanataja kwa dola, sasa muuzaji kasema yedi buçuk, saba na nusu, we umeshika ile yedi tu unachukua pisi 200, hapo una deni la dola 100 ambalo hukulipanga.

Baada ya namba nikachukua maneno ya dukani basi. Var mı, ipo? Var, ipo, yok, haipo. Toptan jumla, beden saizi, renk rangi, son fiyat bei ya mwisho. Muuzaji wa kiume mwite abi, wa kike abla, na ukiingia sema kolay gelsin, ni kama kumwambia pole na kazi, uso unafunguka hapo hapo. Halafu kuna ile wanainua nyusi kidogo wanatoa "tch" mdomoni. Kwetu huyo kakusonya, ungegeuza uondoke, kumbe anakwambia haipo tu, hana ubaya na wewe.

Kozi za kwenye simu nilizopitia zimetengenezwa kwa mtu anayewaza Kiingereza, zinakuelezea weee vitu ambavyo sisi tunavyo tayari. Gelmedim ni sikuja, neno moja kwa neno moja, sisi vipande tunabandika mbele wao nyuma, sasa hapo kuna cha kushangaa? Saat, dakika, hesap, sabun, kitap, huhitaji hata kukariri. C unaisoma j, ç ni ch, ş ni sh, ğ haisikiki inavuta tu irabu. Kilichonitesa kweli ni ile ı isiyo na nukta, unataka kusema i huku ulimi umeurudisha nyuma, hiyo nilikaa nayo kwenye tramu, wakitangaza "gelecek istasyon", kituo kinachofuata, nasikiliza majina ya vituo, yenye ı narudia chini chini, abiria wananiangalia.

Saa nazo angalieni, wao wanahesabu kama Wazungu, ukiambiwa mzigo njoo saat üçte ni saa tisa alasiri, sio saa tatu.

Sasa hivi winga simtumii, naingia duka kwa duka naulizia seri (pisi moja moja wengi hawauzi, unachukua seti ya saizi), nabishana bei mpaka tunacheka. Kinachonishinda bado ni simu, jamaa wa kargo wakipiga wanakimbiza maneno hatari, nawakatisha tu, abi, WhatsApp'tan yaz, niandikie huko, nisome kwa nafasi yangu.